Siku nzima ya tamasha Dar: filamu, msosi na muziki wa laivu, ipangwe kuanzia mwisho

Wengi wanaokwenda kwenye tamasha la jiji hupanga siku yao kuanzia asubuhi: nitaamka saa ngapi, nitavaa nini, nitaanza na filamu ipi. Kwa Dar es Salaam mpango wa namna hiyo hufia njiani ikifika saa 1 usiku. Jua limezama, tumbo linadai, foleni ya mishkaki haisogei, filamu ya nje ndiyo kwanza inawashwa, na bendi uliyoifuata haijulikani kama imeshapanda au bado iko kwenye gari pale Mwenge. Mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Tunaanza na safari ya kurudi nyumbani, tunakuja kwenye bendi, kisha filamu. Chakula tunakipenyeza katikati, kwa sababu siku hiyo ndicho kitu pekee unachoweza kukisogeza mbele au nyuma upendavyo.

Neno moja kuhusu msimu. Miezi mizuri ya tamasha la uwanjani ni Juni hadi Oktoba, masika yakiwa yamepita na upepo wa kusi ukipooza jioni. Desemba hadi Februari muziki bado ni mtamu, ila joto la saa 9 alasiri linamaliza watu kabla bendi ya kwanza haijapanda. Ukialikwa tamasha la Januari, usifike kabla ya saa 10 jioni.

Hatua ya kwanza: jua utarudije, ndipo ununue tiketi

Swali si tamasha liko wapi tu. Uliza linaisha saa ngapi, na muda huo usafiri wa kwenu unapatikana wapi. Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kilichoanza 2008, iko Mikocheni B, ndani kwenye eneo la viwanda vidogo. Mchana unafika kwa daladala na bajaji bila tabu, lakini usiku mwingi mtaa ule umetulia na hakuna daladala ya kungojea. Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa, iko Upanga, kwenye Barabara ya Ali Hassan Mwinyi ambako daladala za kwenda Posta hupita. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, unafika kwa miguu ukishuka mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, Posta au Kivukoni. Kijiji cha Makumbusho kipo Kijitonyama, na mtu wa daladala hana la kuuliza kwa kuwa stendi yenyewe inaitwa Makumbusho.

Sasa angalia unakotoka. Mtu wa Kimara au Magomeni ana mwendokasi, na akiwa na haraka ya kurudi ni bora achague tamasha la mjini. Mtu wa Kigamboni aamue mapema kama atavuka kwa pantoni au atazunguka kwenye Daraja la Nyerere, maana gharama zake ni tofauti kabisa. Mtu wa Mbagala, Gongo la Mboto au Bunju ajue kwamba usiku daladala hupungua, na zilizobaki makonda huanza kugeuza njiani. Huyo atafute wenzake watatu wa upande wake tangu mchana, wakubaliane gari moja.

Teksi za kuita kwa simu ni msaada mkubwa, ila watu elfu moja wakitoka mlango mmoja kwa wakati mmoja, bei hupanda na madereva wanaanza kukupigia kuuliza "unaelekea wapi, bosi?" kabla hawajakubali. Dawa ni mbili: toka nyimbo mbili kabla ya mwisho, au baki nusu saa baada ya mwisho ukinywa supu. Kutoka na umati ndiko kubaya kuliko kote. Kwa boda na bajaji ya mtaani, patana bei kabla hujaketi, na uweke nauli ya kurudi kwenye mfuko wake peke yake. Isiguswe, hata pweza akinukia vipi.

Hatua ya pili: chagua bendi moja ya kufa nayo

Ratiba ya tamasha huwa na majina mengi. Usijaribu kuyaona yote. Chagua jina moja ambalo usipoliona utajuta, mengine yawe ziada. Lakini ujue pia ni muziki wa aina gani, kwa sababu kila aina ina muda wake na mwili wake.

Muziki wa dansi haupendi haraka. Hizi ndizo bendi za ukoo wa Msondo, iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na Mlimani Park ya 1978, wana Sikinde. Wimbo mmoja unaweza kufika dakika kumi: mashairi taratibu kwanza, magita yakiongea polepole, kisha sebene, sehemu ya kasi ya kuchezea, ndiyo inainua watu. Anayeondoka baada ya beti mbili akisema muziki umepoa hajausikia bado. Taarab inataka ukae karibu uyasikie maneno. Singeli, iliyotoka Manzese, Tandale na uswahilini kwingine, huenda kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika; hiyo usiichezee tumbo likiwa limejaa wali. Ngoma za asili, kama mdundiko wa Wazaramo ambao ndio wenyeji wa pwani hii, mara nyingi hupangwa alasiri. Watu huzikosa kwa kudhani ni za kujazia muda, kumbe katika siku nzima hapo ndipo muziki unapotoka mikononi mwa watu bila waya hata mmoja.

Kwa bongo fleva, uliza swali moja: anapiga na bendi au anaimba juu ya plei beki, yaani muziki uliorekodiwa? Tiketi ikisema muziki wa laivu una haki ya kuuliza. Kama hujapata jibu, fika mapema uangalie jukwaa. Ukiona ngoma za kizungu zimefungwa, amplifaya za gita na maikrofoni zaidi ya nne, kuna watu watatoka jasho. Ukiona meza moja na kompyuta, rudi kwenye mihogo.

Kuhusu saa, kanuni yangu ni rahisi: filamu za ukumbini huanza kwa wakati, muziki wa uwanjani huchelewa. Ukumbi una ratiba na filamu inayofuata inasubiri. Jukwaani kuna kufunga vyombo, kujaribu sauti, na msanii mkubwa ambaye daima huwekwa mwisho ili watu wasiondoke. Kwa hiyo kwenye filamu fika dakika kumi na tano kabla, na kwenye bendi ongeza saa moja juu ya muda uliotangazwa. Ukiongeza saa hiyo na bado inagusa muda wa usafiri wako wa mwisho, chagua bendi ya pili kutoka mwisho. Mara nyingi ndiyo inayopiga vizuri zaidi, maana bado ina kitu cha kuthibitisha.

Hatua ya tatu: filamu moja ndefu, au fungu moja la filamu fupi

Dar jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 50 jioni, kutegemea mwezi. Skrini ya nje haionekani vizuri hadi giza lishike, kwa hiyo filamu ya uwanjani itaanza karibu na saa 1 usiku, na hapo itagongana na muziki. Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: filamu itazame mchana, ndani, wakati jua ni kali na jukwaa bado linafungwa. Saa 8 mchana kwenye ukumbi wenye kiyoyozi unapumzika na unapata burudani kwa mpigo mmoja. Chukua kitu cha kujifunika mabega, maana viyoyozi vya kumbi zetu havina huruma.

Filamu ya nje ichague kwa sababu mbili tu: umekuja na watoto, au hakuna bendi unayoitaka. Kuna raha yake ya kukaa chini ya anga na umati unaocheka pamoja. Wazee wa jiji hili watakusimulia Drive-in iliyofunguliwa 1966, familia nzima ndani ya gari na chakula kutoka nyumbani. Na waliokulia uswahilini wana vibanda umiza, vibanda vidogo vya kuonyeshea video, ambako wakalimani kama Lufufu waligeuza filamu za kigeni kuwa Kiswahili cha mtaani, na mara nyingi tafsiri ilikuwa tamu kuliko filamu. Mtazamaji wa Dar hajawahi kukaa kimya mbele ya skrini, na nje anaruhusiwa. Ukumbini, punguza.

Namna ya kuchagua: soma muhtasari, angalia urefu, lugha, na umri unaoruhusiwa. Tamasha la filamu huleta kazi za Kifaransa, Kireno, Kiarabu, na tafsiri huwa maandishi chini ya skrini, mara nyingi ya Kiingereza. Kama utasoma maandishi hayo, usikae nyuma ya mtu mwenye kilemba kirefu. Chagua kiti cha pembeni mwa njia, safu za katikati. Kama huna hakika na filamu ndefu, fungu la filamu fupi ni salama zaidi: ndani ya saa moja na nusu unaona kazi tano au sita, na ukichukia moja, baada ya dakika kumi na mbili imekwisha.

Na usikimbie taa zikiwashwa. Mwongozaji akiwa ukumbini, maswali na majibu ndiyo sehemu ambayo huipati kwenye simu. Uliza kitu kifupi. Kuna ndugu zetu hushika maikrofoni wakatoa hotuba ya dakika tano isiyo na swali. Ukimwona ameshaipata, hapo ruksa kutoka ukatafute chakula.

Hatua ya nne: kula mara tatu kidogo kidogo

Hapa ndipo siku inaponoga au kuharibika. Kosa la kawaida ni kushinda na njaa hadi saa 2 usiku, kisha kusimama foleni moja na watu wote wa jiji. Foleni ya chakula ina saa zake: hulipuka filamu inapotoka, hulipuka tena mara baada ya Magharibi, na hulipuka kila bendi inaposhuka. Wewe nenda bendi ikiwa jukwaani, hasa ile usiyoijali. Unasikia muziki, na mpishi ana muda wa kukusikiliza.

Mlo wa kwanza, kabla ya filamu, uwe mwepesi: sambusa mbili, vitumbua, bagia za kunde, na kinywaji. Dafu ni bora kuliko soda, na linapasuliwa mbele yako. Juisi ya miwa pia agiza ikamuliwe ukiangalia, na tangawizi na ndimu ndani. Barafu uliza imetoka wapi; kama jibu lina kigugumizi, kunywa bila barafu.

Mlo wa pili, kati ya saa 10 na saa 11 jioni, ndio mlo wenyewe. Makaa yamekolea, nyama ni ya kwanza, foleni hamna. Kula pilau, biriani, ndizi nyama, au kuku wa kuchoma na ugali. Kabla ya kuagiza, zunguka mabanda yote mara moja mikono ikiwa mfukoni. Angalia mafuta ya karai: yakiwa meusi na yanatoa povu, pita. Angalia maji ya kunawa na sabuni. Angalia kama anayeshika hela ndiye anayeshika chakula. Kachumbari iwe imekatwa muda si mrefu. Ikiwa imeshaanza kuogelea kwenye maji yake tangu mchana, iache. Kisha salimia, uulize bei. Kwa Dar kuuliza bei si dharau:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, karibu."
"Sahani ya pilau shilingi ngapi?"
Anakutajia.
"Na kachumbari na ndizi?"
"Imo humo humo. Ukitaka nyama ya ziada sema."

Sentensi hizo mbili za mwisho zimeokoa pesa za watu wengi. Bei ya tamasha huwa juu kuliko ya mtaani, na hilo si wizi, mwenye banda amelipia nafasi. Lakini bei isiyoulizwa hupanda njiani kati ya sufuria na sahani.

Mlo wa tatu ni wa usiku, wa kushika mkononi. Mishkaki ni mfalme wa saa hizi: agiza miwili ya kuonja kwanza, maana nyama ngumu hujulikana kwa jino la kwanza. Mihogo ya kukaanga, kama ile iliyoijengea jina Coco Beach, uile ikiwa moto, imepasuliwa ikatiwa chumvi na chachandu. Pweza huuzwa vipande, ukichoma kwa kijiti, na kikombe cha supu yake ni dawa ya miguu iliyosimama saa nne. Chipsi zege, yaani chipsi zilizokaangwa na mayai, hujaza haraka, ila husubirisha. Urojo naupenda sana, lakini si chakula cha kusimama mbele ya jukwaa: bakuli lina mchuzi wa kuchachuka, bagia, kachori na viazi, na mtu mmoja tu akirusha kiwiko kwenye sebene, shati jeupe limekwisha. Urojo ule ukiwa umekaa.

Anayekula halali asione haya kuuliza kabla. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kwa kawaida hupewa banda lake pembeni, ila kwenye tamasha jipya jiko moja linaweza kuchoma kila kitu, na mwenye banda mwenyewe atakwambia ukweli ukimuuliza kwa heshima.

Malipo, kwa ufupi

Mabanda mengi yana lipa namba, iwe M-Pesa, Mixx au Airtel Money. Tatizo ni mtandao: watu wote wakiwa sehemu moja wakirusha video, ujumbe wa malipo unaweza kuchukua dakika kumi huku mishkaki ikipoa mkononi mwa mwenye nayo. Beba taslimu, tena ndogo ndogo. Msimbazi mmoja, yaani noti ya elfu kumi, utakuletea ugomvi wa chenji. Buku kumi, noti kumi za elfu moja moja, hazigombani na mtu.

Hatua ya tano: vya kubeba

Begi dogo, la mbele, zipu imefungwa. Ndani yake khanga moja hata kama wewe ni mwanaume: utaikalia, utajifunika kiyoyozi, utamfunika mtoto aliyelala. Mfuko wa kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na mkono una mwisho wake. Pawabenki. Karatasi za chooni, na huhitaji maelezo. Viatu vya kufunika vidole, kwa vumbi na kwa visigino vya wenzako. Dawa ya mbu ya kupaka ianze kazi alasiri, si usiku pekee: mbu wa homa ya dengue huuma mchana, na Dar ilishapata milipuko yake 2014 na 2019.

Mkiwa kundi, kubalianeni mahali pa kukutana mnapoingia, tena kitu kisichohama: mti fulani, lango, banda la kahawa. "Nitakupigia" haifanyi kazi mtandao ukielemewa.

Hatua ya sita: mbele ya jukwaa

Watu hukimbilia spika wakidhani ndiko kuliko na muziki. Tafuta meza ya fundi mitambo, kwa kawaida iko katikati ya uwanja ikitazama jukwaa. Yeye anapanga sauti kwa kusikia akiwa pale, kwa hiyo ukisimama karibu naye, mbele kidogo, unasikia kile anachokusudia msikie: besi, sauti ya mwimbaji, tarumbeta, kila kimoja na nafasi yake. Mbele ya spika unapata besi na maumivu. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu kwamba sauti ya desibeli 85 sikio liivumilie kwa muda usiozidi saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda huo hukatwa nusu. Ukifika desibeli 100, ambazo jukwaa kubwa huzifikia bila shida, umebakiwa na robo saa. Vizibo vya sifongo vya masikio hupatikana kwenye maduka ya dawa na havili hela. Pamba haisaidii sana. Mtoto mdogo asogezwe nyuma kabisa.

Kwenye dansi na taarab kuna kumtunza mwimbaji, yaani kumpa hela akiwa anaimba, na hapo zile noti ndogo zinapata kazi ya pili. Subiri ubeti ukuguse, nenda taratibu ukicheza, mpe au mwekee, ondoka bila kumkatiza. Ila kwenye taarab kuwa makini na ubeti unaouchagua. Ukiinuka kutunza wakati wa mafumbo ya kumsema jirani mbaya, ukumbi mzima utageuka kutafuta jirani huyo ni nani, na kama amekaa meza ya pili, umejitafutia kesi ya mwezi mzima mtaani.

Mvua ikinyesha, umeme ukikatika

Umeme ukikatika usikimbie. Tamasha la maana lina jenereta, na kubadilisha huchukua dakika chache. Ngoma na tarumbeta wakati mwingine huendelea gizani, na umati ukaimba. Kwenye filamu, uliza kama itarudishwa pale ilipokatikia au mwanzo, ujue kama una muda wa kwenda kununua mihogo.

Mvua ni habari nyingine. Tafuta tangu mchana paa litakalokuhifadhi, na lisiwe hema la vyombo wala mti mrefu. Kama unarudi Kimara au Magomeni, kumbuka Jangwani: mvua kubwa ikipiga, bonde hufurika na Barabara ya Morogoro hufungwa, mwendokasi husimama. Mawingu mazito yakijikusanya na wewe unapita huko, ondoka kabla, hata kama bendi yako haijapanda. Ujumbe wa tiketi usiufute kwenye simu. Tamasha likiahirishwa hadi kesho yake, mlangoni watauomba huo huo.